Mbao za Papa Ruphin Zilikuwa Kavu

Tufe likipita kwenye njia iliyonyooka halisemi neno. Linavuma tu, sauti ile ile tangu mkono wa mchezaji mpaka kwenye pini kumi, na hapo ndipo kelele inapoanza. Jumatano ile Papa Ruphin aliingia kwenye ukumbi wa bowling wa Quille d'Or saa kumi na moja jioni, mkoba wa safari ungali begani, vumbi la barabara ya Kambove lingali kwenye suruali yake ya msiba. Kabla hajasalimiana na mtu akasikia tufe la njia ya tatu likigonga katikati ya safari, tuk, likaruka, likapinda, likatumbukia mtaroni. Mchezaji, kijana aliyekuja na mchumba wake, aliutazama mkono wake kwa aibu.

"Haiko mukono yako, petit," Ruphin alimwambia. "Ngoja kwanza."

Alivua viatu, akapanda juu ya njia kwa soksi, akapiga magoti, akapitisha kiganja. Mbao tatu zilikuwa zimevimba na kusukumana mpaka zikafanya mgongo. Mgongo, kwenye njia yake! Tena mwezi wa tisa, Lubumbashi imekauka mpaka midomo ya watu inapasuka, mvua hata harufu yake bado. Mbao zilipata wapi maji ya kuvimba?

Alimgeukia Mama Clotilde, mwanamke anayegawa viatu vya kuchezea pale mlangoni. Wamefanya kazi pamoja tangu siku ya kwanza, na Clotilde si mtu wa kukosa la kusema. Safari hii aliinama, akawa anapanga viatu vilivyokwisha kupangwa.

"Mama Clotilde, nani alimwanga mayi hapa?"

"Mi siyuwe, papa," alijibu bila kuinua uso. "Pole na kilio."

Hapo Ruphin akajua kuna jambo anafichwa, na damu ikaanza kumchemka.

Ana miaka sitini na mitatu mtu huyu, na arobaini na mitano kati ya hiyo ameimaliza na randa mkononi. Alizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa reli. Baba yake, Donat, alitoka Mitwaba akiwa kijana, akawa seremala katika karakana ya mabehewa. Mzee Donat hakuwa na maneno mengi, ila alikuwa na sheria zake. Ubao haufanyiwi kazi kabla haujakaa viangazi viwili chini ya bati, juu ya mawe, usiguse udongo. Kila Jumamosi unageuzwa. Na siku unapowekwa pale, na siku unapotolewa, tarehe zinaandikwa kwa penseli upande wa chini, upande ambao hakuna jicho litakalouona. Ruphin alipokuwa mtoto aliuliza kuna faida gani kuandika mahali pasipoonekana.

"Siku mbao itaharibika," baba yake alimjibu, "tuyuwe kama ilikosa mbao ao ilikosa muntu."

Basi Ruphin ameandika hivyo maisha yake yote: chini ya vitanda vya maharusi, chini ya mabenchi ya parokia, nyuma ya makabati. Nusu ya watu wa mtaa wa Kamalondo wanalala juu ya mwandiko wake na hawana habari.

Madame Christiane alipotaka kufungua bowling alinunua njia nne kuukuu, zikaja kwa lori kupitia mpaka wa Kasumbalesa, nusu ya mbao zimeoza. Mafundi wawili walikuja, wakaziangalia, wakacheka, wakaenda zao. Ruphin hakucheka. Alizibadilisha ubao kwa ubao, kwa mbao za mukwa alizozikausha mwenyewe uani kwake, viangazi viwili kamili, Madame akimpigia simu kila wiki, na yeye kila wiki akimjibu neno moja: bado. Siku ya ufunguzi Madame alimshika mkono mbele ya wageni wote akasema sakafu hii ni ya Papa Ruphin. Tangu hapo akabaki kuwa fundi wa nyumba. Yeye ndiye anayepaka mafuta njia, yeye ndiye anayeituliza mashine ya pini inapogoma.

Ukimwuliza Ruphin bowling nzuri ya kutembelea jioni ni ipi, utafute kiti kwanza, maana hutaondoka mapema. Atakuambia viatu viwe vikavu, kwa sababu hakuna starehe ya mtu aliyevaa jasho la mwenziwe. Atakuambia yawepo matufe yenye matundu yanayotosha vidole vya mama mwenye mikono midogo, siyo ya wanaume wenye vifua tu. Bia iwe baridi, ndiyo, bia haikatai. Muziki uache watu wasikie pini zikianguka, la sivyo wamekuja kufanya nini? Awepo mtu wa kumwonyesha mgeni namna ya kushika tufe bila kumcheka. Lakini zaidi ya yote hayo, sakafu isiwe mwongo. Baba wa watu amevaa shati la Jumapili, ameleta familia, anarusha tufe mbele ya watoto wake. Likienda mtaroni, uwe ni mkono wake. Likiangusha zote kumi, uwe ni mkono wake.

"Muntu akikosa, akose mwenyewe," husema. "Kama mbao ndjo inamukosea, umemuibia mangaribi yake, jioni yake nzima."

Lucien, meneja aliyeletwa mwaka huu, kijana wa suruali za kubana na simu mbili, ana mawazo mengine. Kwake yeye bowling ni taa za rangi na picha.

"Papa, bantu habakuye juu ya kucheza," humwambia. "Banakuya juu ya ambiance."

Ugomvi wao mkubwa ulikuwa juu ya maji. Kwetu mtu akitimiza mwaka, rafiki zake hawaridhiki na wimbo na keki. Wanamwagia maji, ndoo nzima wakiipata, na wakiwa wanampenda sana wanaongeza unga, hata mayai. Ruphin hana kinyongo na desturi hiyo. Mke wake Jeanne alipofikisha miaka hamsini, ni yeye aliyejificha nyuma ya mlango na beseni, mtu mzima na mvi zake. Lakini maji juu ya mbao, jamani? Ndiyo maana alichonga kibao akakitundika mlangoni: ANNIVERSAIRE: MAYI NI KU COUR. Kwenye cour yenyewe, uani nyuma, aliweka bomba, mabeseni mawili na kamba ya kuanikia nguo. Na watu walielewa. Walicheza, wakatoka uani wakamwagiana, wakarudi wakicheka na meno yakigongana, wakaagiza kinywaji kingine. Hakuna mteja hata mmoja aliyelalamika.

Aliyelalamika ni Lucien. Uani hakuna taa za rangi, alisema, na picha za uani hazina maana.

Basi dada yake Ruphin akafariki kule Kambove, naye akaondoka Ijumaa kwenda kwenye kilio. Amerudi Jumatano, amemzika dada yake, na hiki ndicho alichokikuta. Aliinuka kutoka magotini, akatazama mlangoni. Kibao hakipo. Umebaki msumari.

"Lucien! Kibao yangu iko wapi?"

"Nilikitosha, papa. Kinafukuza ba-clients."

"Na mayi ilimwangika siku gani?"

"Mayi gani?" Lucien alisema, macho yako kwenye simu. "Hakuna mayi. Madame aliangaria mwenyewe. Asema mbao yako ndjo ilikuwa mubichi."

Mbichi! Ungemtukania Ruphin mama yake asingeumia hivyo. Mtu ameshinda kila Jumamosi ya viangazi viwili akigeuza mbao kama anavyogeuzwa mgonjwa kitandani, halafu kijana ambaye hajui hata kushika nyundo anamwambia ubao ulikuwa mbichi, na anamwambia bila kumtazama usoni.

Na laiti lingeishia hapo. Madame Christiane alitoka ofisini kwake akisikia sauti zinapanda. Ni mama mwenye mwili, mwenye kitenge kizuri na viatu vya kisigino kirefu, na kwa visigino hivyo alipanda moja kwa moja juu ya njia, ko, ko, ko, mpaka kwenye mgongo wa mbao, akasimama pale. Meza zilikuwa zimejaa. Familia, wachumba, vijana wa ofisini, wote waligeuka.

"Papa Ruphin, nilikuaminia," alisema, na hakupunguza sauti. "Angaria sasa! Uliniwekea mbao mubichi, sawa bale ba menuisiers, ba seremala ba mu njia. Ni haya."

"Madame, uko unakanyanga mbao na talons."

"Ni mbao yangu!" alisema Madame, na mtu mmoja mezani akacheka. "Samedi ba plastique banakuya, banatosha yote. We upumuzike ku nyumba. Umezeeka, papa. Franchement."

Ruphin alivaa viatu vyake mbele ya watu wale, kamba moja akiiacha bila kufunga, akachukua mkoba wake wa msiba akatoka. Clotilde alimfuata kwa macho mpaka mlangoni.

Nyumbani Jeanne alimwandalia bukari, ule ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, akakaa mkabala naye. Ruphin hakugusa chakula. Alikuwa anasema peke yake. Kazi, alisema, kazi ina mwisho wake, hilo analielewa, hata kesho apumzike, na Jumamosi mafundi wa plastiki watandike sakafu yao. Lakini neno lile! Ameliacha limekaa kule mezani kati ya chupa, na watu wamekwenda nalo nyumbani. Kesho mtu ataingia chumbani kwake, atasikia kitanda kinalia kidogo, atasema eti, si ni kile cha Ruphin, yule wa mbao mbichi? Miaka arobaini na mitano, na mwanamke mmoja mwenye visigino ameifuta kwa sentensi moja. Tena anajua! Alimpigia simu kila wiki kuomba mbao, na kila wiki akaambiwa bado. Ni nani katika mji huu anayejua kuliko yeye kwamba zilikauka?

"Uko na penseli yako chini ya ile mbao," Jeanne alisema. "Kwenda ufungule, baone."

"Nipasule kazi yangu miye mwenyewe?"

"Samedi banaipasula beye, papa. Na hakuna mwenye ataangaria ku chini."

Ruphin akavuta sahani, akaanza kula.

Alhamisi jioni, saa ile ile ambayo meza hujaa, aliingia Quille d'Or na mfuko wake wa patasi. Alivua viatu mlangoni, akapita mbele ya Clotilde, akapanda njia ya tatu, akapiga magoti, akaweka kabari mahali pake. Lucien alimjia mbio.

"Papa, unafanya nini? Iko ba-clients!"

"Hata jana balikuwa."

Madame, aliyekuwa kaunta na kikombe cha chai, alisimama. Muziki ukazimwa, sijui na nani. Katika kimya kile nyundo iligonga mara tatu, polepole, kwa mkono wa mtu anayejua kila msumari ulipo kwa sababu aliupigilia yeye, na ubao ukalia, ukainuka. Ruphin aliutoa wote kama anavyotoa daktari mwiba mguuni, bila kuuvunja, akaugeuza chini juu, akaunyanyua watu wauone. Penseli ilikuwa bado inasomeka: 3/6/2019. Chini yake: 14/9/2020. Na herufi R.

"Hii ni siku niliiweka chini ya bati," alisema. "Hii ni siku niliitosha. Hesabuni. Mwenye alimaliza masomo aniambie kama ni mubichi."

Ruphin aliinamia shimo lililobaki. Mbao hizi huungana kwa ulimi na mfereji, ulimi wa huu ndani ya mfereji wa ule, na pale kwenye mfereji kulikuwa na kitu cha kijivu. Alikichokoa kwa ncha ya patasi. Kilikuja kirefu, kizito, kinanuka uchachu, na katikati yake kimeng'ang'ania kipande cha ganda la yai. Alisimama, akakipeleka mpaka chini ya pua ya Lucien.

"Petit, hii ni nini?"

Lucien alirudi hatua nyuma.

"Ni bukari!" alipaza sauti kijana mmoja mezani, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Ruphin hakucheka. Alimfuata Lucien hatua ile moja. "Niambie basi, weye mwenye akili. Ni muti gani ya mu pori inazalaka bukari?"

Ndipo Mama Clotilde alipoweka chini jozi ya viatu aliyoishika. Alitoka nyuma ya meza yake, akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Ilikuwa samedi," alisema. "Fête ya Gaëlle, mutoto ya Madame. Balimumwangia hapa hapa, ku mataa, ba bidon mbili, na bunga, na mayai. Lucien ndjo aliwaambia bafanye hapa juu ya photo. Bilato yote, hii biatu ya kuchezea, ilijala bunga, nilisugula mpaka lundi, siku mbili nzima." Alimgeukia Ruphin. "Nilinyamaza, papa, juu niko na bana ba kulisha. Unisamehe."

"Nani alianza kumwanga?" Ruphin aliuliza.

Clotilde alimtazama Madame Christiane, na watu wote wakafuata macho yake.

Sasa fikiria. Mama huyu alishika bidoni kwa mikono yake mwenyewe, akammwagia mwanawe, akacheka, akapigwa picha, na siku nne baadaye akasimama mahali pale pale, maji yakiwa bado yamo ndani ya mbao chini ya visigino vyake, akamwambia mzee anayetoka kumzika dada yake kwamba amemwekea mbao mbichi. Huenda hakuwaza. Watu wengi wenye nyumba kubwa hawawazi, wanawaziwa na wengine. Lakini kutowaza huko ndiko kulikomchoma Ruphin kuliko uongo.

"Mi nilizania ni mayi kidogo," Madame alisema. Sauti ya jana haikuwepo. "Lucien aliniambia ni mbao. Kuya ku bureau, papa, tuzungumuze."

"Apana, Madame. Jana haukunisemea ku bureau."

Madame alitazama meza, akatazama simu tatu nne zilizokwisha kuinuliwa kumpiga picha, akamtazama mzee aliyesimama kwa soksi na ubao mkononi. Angeweza kugeuka akaingia ofisini kwake akafunga mlango. Ni nyumba yake, nani angemzuia? Ruphin mwenyewe alitarajia hivyo, na alikuwa tayari kuweka patasi zake mfukoni na kwenda zake.

"Clotilde," Madame alisema hatimaye, "unipatie bilato. Trente-neuf."

Aliketi kwenye benchi la wateja, akavua visigino, akavaa viatu vya kuchezea vya namba thelathini na tisa, vyenye soli laini, akafunga kamba mwenyewe, mwili ukimsumbua kuinama. Kisha akapanda kwenye njia.

"Mbao ya papa Ruphin ilikuwa yenye kukauka," alisema.

"Bale ba nyuma habakusikia," Ruphin alisema.

Uso wa Madame uliiva. Alizigeukia meza za nyuma. "Mbao ilikuwa yenye kukauka! Nilikosa miye. Ni miye nilimwanga mayi, haiko mbao, haiko papa." Akamgeukia Lucien. "Na kibao irudie ku mulango. Leo. Na ba plastique, ubaambie basikuye."

Watu wengine walipiga makofi. Tangu jana Ruphin alikuwa amejiandalia maneno makali ya kumwambia mama huyu, ameyapanga kitandani moja baada ya jingine, na sasa hakuona mahali pa kuyaweka. Hasira ilikuwa bado imo kifuani, haikuondoka kwa sababu ya makofi. Mbao tatu zingehitaji wiki mbili chini ya bati lake, huu mmoja leo na mbili kesho, zikauke tena, zipigwe randa, zirudi mahali pake. Aliketi ukingoni mwa njia, akalaza ubao juu ya magoti yake, upande wa chini juu, akatoa penseli nyuma ya sikio. Chini ya tarehe zile mbili akaandika ya tatu, ya Jumamosi ile. Kisha akainua macho.

"Baba yangu alinifundishaka kuandika kama ilikosa mbao ao ilikosa muntu," alisema. "Niandike jina ya nani, Madame?"

Madame Christiane aliutazama ule ubao.

"Andika Christiane," alisema.

Ruphin aliandika polepole, herufi zote, hakuacha hata moja. Akapuliza vumbi la penseli, akaugeuza ubao, akaubeba kwenda nao nyumbani kuukausha.